Mama Eustakia na Dalali wa Kiwandani

Tecla alipoolewa Murukulazo hakuna aliyemtesa. Hilo alilisema mwenyewe kila mama yake alipompigia simu kutoka Lusahunga. Nyumba ilikuwa nzuri, ya bati, maji hayakuwa mbali, migomba ilifika mpaka dirishani, na mama mkwe wake, Eustakia, hakuwa mwanamke wa kelele. Ila hapo hapo ndipo palipokuwa na shida. Eustakia hakuwa na kelele, wala hakuwa na maneno.

Mumewe, Wiston, alikuwa dereva wa malori ya mizigo. Alimwona Tecla akiwahudumia madereva kwenye mgahawa wa mama yake huko Lusahunga, kando ya barabara ya Rusumo, akaanza kusimama pale hata siku ambazo hakuwa na njaa. Wakafunga ndoa kanisani. Akampeleka kwao Murukulazo, wilayani Ngara, akakaa naye majuma machache, kisha tajiri yake akampigia simu kwamba kuna mzigo unamngoja. Wakabaki wanawake wawili, migomba, na shamba la maharage.

Eustakia alizaliwa na kuzeeka ndani ya Kihangaza. Kiswahili kwake kilikuwa cha mnadani na cha zahanati, lugha ya kuulizia bei na kueleza mahali panapouma. Tecla alikulia kwenye Kisubi cha baba yake na Kiswahili cha barabarani. Kwa hiyo mama na mkamwana walizungumza kama watu waliokutana kwenye dirisha la ofisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama, mama."

"Maharage umeyaloweka?"

"Nimeyaloweka, mama."

Basi. Baada ya hapo yalikuwa ni majani ya migomba yakisuguana hadi jioni. Tecla hakuwa amezoea ukimya. Lusahunga mtu halali bila kusikia breki za malori zikipiga chafya na utingo akiita chai. Hapa, baada ya chakula cha mchana, angeweza kumsikia kuku akikanyaga jani kavu nyuma ya nyumba.

Siku moja alipanda kilimani, karibu na shule ya msingi, ambako mtandao ulikuwa unashika. Alikuwa anatafuta muziki tu wa kujaza masikio, akaangukia gemu ya kutisha. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko sahani ya chipsi mayai. Ukubwa wake pia ulikuwa mdogo, ingeshuka kwenye simu kabla bando halijakata. Lakini kilichomvuta zaidi ni maneno ya watu walioicheza. Walisema ni fupi, ukikaa chini na kuikazania unaimaliza siku hiyo hiyo. Tecla aliwahi kuwaona kaka zake wakicheza gemu kubwa kubwa zisizo na mwisho, zinazomfanya mtu asahau kuoga. Hakutaka kitu cha kummiliki. Alitaka kitu kimtishe kidogo, kisha kimwachie aende akapike.

Akailipia kwa simu, akaipakua, akashuka nayo nyumbani kama mtu aliyeficha pipi kwenye khanga.

Ilikuwa hadithi ya msichana anayeingia kwenye kiwanda cha zamani cha sabuni kumtafuta kaka yake. Alikuwa na tochi mkononi, na mkono wa pili kipande cha nondo. Ndani ya kiwanda mlikuwa na watu wasio na nyuso. Wengine walitembea polepole, na hao uliwapiga nondo wakaanguka. Wengine walikimbia, na hao ulipaswa kuwafungia mlango. Kisha alikuwepo mmoja, mrefu, mwenye mikono inayoburuta chini, ambaye hakuogopa nondo wala mlango. Tecla alivaa visikilizio, akajikunja kitandani, akaogopa vizuri sana. Kwa mara ya kwanza tangu alipofika Murukulazo, mchana uliisha bila yeye kuuona.

Tatizo ni kwamba visikilizio vinamfanya mtu asijisikie mwenyewe. Mchana mmoja mvua ilikuwa inanyesha, Eustakia amekaa jikoni akipepeta maharage, akasikia mkwe wake akipiga ukelele kama anachinjwa. Alitupa ungo. Alishika panga lililokuwa nyuma ya mlango akaingia chumbani bila hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu Tecla aolewe.

"Yuko wapi?" aliuliza. "Ametokea dirishani?"

Tecla alivua visikilizio. Alipoona panga alianza kupiga magoti, akashindwa amalizie au asimame.

"Nisamehe, mama. Hakuna mtu. Ni gemu."

"Gemu ndiyo nani?"

"Ni mchezo, mama. Wa kwenye simu."

Eustakia alishusha panga. Alitazama dirisha, akatazama uvungu wa kitanda kwa tahadhari, ndipo akaitazama simu. Kwenye kioo msichana alikuwa amesimama kwenye ukumbi wenye giza, tochi yake ikitetemeka.

"Huyu binti anatafuta nini humo?"

"Anamtafuta kaka yake, mama. Alipotea."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Ukoo wao hauna wanaume?"

Eustakia alikaa ukingoni mwa kitanda, panga mapajani, maji ya mvua yakimtiririka shingoni kwa sababu alikuwa amekatiza uani.

"Haya," alisema. "Aende. Tuone."

Msichana akaenda. Alifungua mlango, yule mrefu akatokea, na Eustakia akaruka mpaka panga likaanguka sakafuni. Msichana alinyanyuliwa na ile mikono, kioo kikawa chekundu, kisha cheusi.

"Amekufa?"

"Amekufa, mama. Lakini anarudi. Tazama."

Na kweli, msichana alikuwa amesimama tena mlangoni, mzima, na tochi yake. Eustakia alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa amemzika mumewe Gaspari miaka mingi iliyopita, na binti mmoja kabla ya hapo, ambaye Wiston hakumkumbuka.

"Ana bahati huyu," alisema taratibu. "Wetu hawarudishwi mlangoni."

Akaokota panga lake akarudi kwenye maharage. Wiston aliwahi kumgusia Tecla habari za dada huyo; Tecla alijua amefanya kosa, akakaa akifikiri namna ya kuomba radhi. Lakini kesho yake, mvua ilipoanza, Eustakia alimwita kutoka jikoni. Alikuwa amesogeza kigoda cha pili karibu na moto.

"Leta yule binti," alisema. "Tusimwache peke yake."

Tangu siku hiyo gemu ikawa ya jikoni. Walifanya kazi asubuhi, wakala, na mvua ya mchana ilipofunga njia, Tecla alitoa visikilizio ili sauti isikike, wakakaa wawili mbele ya kile kioo kidogo. Eustakia hakuwa mtu wa kutazama kimya. Alimwonya msichana kwa Kihangaza, akamtukana kwa Kihangaza, akamwombea kwa Kiswahili kwa sababu sala zake za rozari zilikuwa za Kiswahili. Wale wasio na nyuso wa kawaida aliwaita wageni. Yule mrefu alimpa jina la Dalali.

"Kwa nini Dalali, mama?"

"Huoni? Anaingia bila hodi, ana mikono mirefu, na akishika mkungu wako hauachii."

Tecla alicheka mpaka msichana akauawa tena.

Kumpita Dalali ndiko kulikowashinda. Eustakia alishauri wajifiche nyuma ya mapipa, wakafa. Tecla alishauri wakimbie moja kwa moja mpaka ngazi, wakafa. Walijaribu kumpiga tochi ya macho, wakafa vibaya zaidi kuliko siku zote, hata Eustakia akafunika uso kwa khanga. Kila walipokufa walisikitika kidogo, wakalaumiana kidogo, halafu wakaanza upya. Katika kulaumiana ndipo maneno yalipopatikana. Huwezi kumwambia mtu "Nilikuambia kushoto!" kisha ukarudi kuzungumza naye kama karani.

"Sasa wewe," Eustakia aliuliza mchana mmoja, akigeuza ndizi kwenye sufuria, "ulitoa hela yako ili utishwe? Dunia hii haikutishi ya kutosha?"

Tecla alifikiri. "Inanitisha, mama. Ila ile ya dunia sijui inaanza wapi wala inaishia wapi. Wiston akichelewa kupiga simu naogopa, nami sina la kufanya, nakaa tu. Hii nikiogopa, nina nondo. Nina mlango. Na nikichoka nazima."

"Na ina mwisho?"

"Ina mwisho. Tena hauko mbali."

Eustakia alifunika sufuria. "Nami naogopa akichelewa," alisema. "Sikujua kama na wewe unakaa tu."

Siku waliyompita Dalali, simu ilikuwa mikononi mwa Eustakia. Tecla alikuwa amemfundisha kwa siku nyingi, na vidole gumba vya mama, vilivyokakamaa kwa mpini wa jembe, havikusomwa na kioo mpaka avilowanishe na kuvifuta kwa khanga. Alitembeza msichana kwa kuchechemea. Dalali akaja. Tecla alikuwa anapiga kelele, "Bomba, mama! Lile bomba la juu!" na Eustakia, badala ya kukimbia, alisimama akalipiga bomba kwa nondo. Mvuke ukamwagika, Dalali akapiga magoti, na Eustakia akaendelea kumpiga, kumpiga, na kumpiga, hata pale ambapo haikuhitajika tena.

"Amekwisha, mama! Amekwisha!"

"Bado mguu mmoja unacheza!"

Walikumbatiana. Walikuwa hawajawahi kukumbatiana, hata siku ya harusi, maana siku hiyo walishikana mikono tu. Walipogundua wanachofanya waliachiana, wakacheka, na Eustakia akaanza kutafuta mwiko uliokuwa mbele ya macho yake.

Mbele ya msichana ukabaki mlango mmoja. Ulikuwa wa chuma, na mwanga ulitokea chini yake. Ndani mlikuwa na kaka, au habari za kaka.

"Tufungue?" Tecla aliuliza.

"Kesho," alisema Eustakia.

Kesho yake kulikuwa na kupura maharage. Siku iliyofuata kichwa kilimgonga. Kisha Jumapili, kisha mbuzi alikuwa hajulikani alipo ingawa Tecla alimwona nyuma ya nyumba. Kila mara Eustakia aliagiza simu iletwe, akautazama ule mlango, akasema, "Umechunwa rangi hapa pembeni, umeona?" kisha wakakaa wakipiga soga mpaka jioni. Tecla hakuelewa. Alidhani mama anaogopa kitakachotoka.

Mambo yalibadilika siku ya jumuiya. Wiki hiyo zamu ilikuwa ya nyumba ya Eustakia. Wanajumuiya walikuja, wakasali, wakasoma Injili, na baada ya sala Tecla aliingia jikoni kuleta chai. Jirani yao Véronique, mwanamke mwema lakini asiyeweza kukaa na jambo tumboni, akauliza mbele ya wote:

"Mama Wiston, samahani. Kwako siku hizi tunasikia makelele mchana. Watu wanasema mkweo ana mashetani kwenye simu. Tena wanasema anakuita uyatazame."

Wapo waliocheka kwa aibu. Eustakia alikuwa mweka hazina wa jumuiya ile, aliyezoea kusifiwa kwa utulivu. Alihisi macho ya watu.

"Ni utoto wake huyo," alisema. "Mambo ya Lusahunga. Nitafanyaje, si ndiye aliyeletwa na mwanangu? Mimi kwenye hayo simo."

Tecla alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alimimina chai kwenye vikombe vyote, akaanzia kwa Véronique, akamalizia kwa mama mkwe wake. Hakumwaga hata tone.

Asubuhi alipiga magoti kama kawaida. "Shikamoo, mama. Mama yangu Rozalia mguu wake umevimba, anapata shida mgahawani. Naomba ruhusa nikamsaidie."

Habari ya mguu ilikuwa ya kweli. Eustakia alijua ni ya kweli, akajua pia kwamba mguu ule ulikuwa umevimba tangu mwezi uliopita.

"Nenda salama," alisema. Akamfungia maharage, akamkatia mkungu wa ndizi mkubwa kuliko wote shambani. Kulikuwa na neno lingine la kusema, nalo alikuwa nalo kwa Kihangaza, lakini kwa Kiswahili lilimkwama. Bodaboda ikaondoka na mkungu umefungwa nyuma kama mtoto.

Tecla alipiga simu kila baada ya siku chache. "Hujambo, mama? Habari za nyumbani?" "Nzuri. Mguu wa Rozalia?" "Unaendelea vizuri." Walikuwa wamerudi kwenye dirisha la ofisi, na sasa dirisha lenyewe lilikuwa mbali. Wiston naye alipopiga aliuliza kama kuna tatizo, na wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walimjibu kwamba hakuna.

Mvua ilinyesha mchana, na kigoda cha pili kilikuwa pale karibu na moto. Eustakia alijaribu kukirudisha sebuleni, akakuta anakitoa tena. Alijaribu kukumbuka sura ya binti wa kiwandani, na kila mara iliyomjia ilikuwa ya Tecla, ameshika birika mlangoni. Alifahamu sasa kwa nini hakutaka mlango ule ufunguliwe. Aliogopa kwamba gemu ikiisha, wangeishiwa la kuzungumza. Kumbe aliyamaliza maneno yeye mwenyewe, kwa sentensi moja, mbele ya watu.

Jumuiya iliyofuata ilikuwa kwa Véronique. Ulipofika wakati wa matangazo, Eustakia alisimama. Watu walidhani atasema habari za michango.

"Lile jambo la kwangu, la makelele," alisema. "Yale makelele mengine yalikuwa yangu. Mkwe wangu alikuwa ananifundisha mchezo. Kuna zimwi linaitwa Dalali. Nilimpiga kwa nondo mpaka akafa, na nilifurahi. Nilisema simo. Nimo."

Akakaa. Mzee Celestini, mwenyekiti wao, alikohoa, akatazama kitabu chake cha nyimbo. Ndipo Véronique akauliza, kwa sauti ya chini:

"Ulimpiga wapi? Kichwani?"

"Nilianza na bomba," Eustakia alijibu, na nyumba nzima ikaangua kicheko. Kilikuwa kicheko cha watu waliokuwa wakitaka kuuliza siku nyingi.

Kesho yake alivaa gauni la kanisani, akafunga kikapu, akampa Véronique ufunguo wa banda la kuku. Alikuwa hajavuka Benako kwa miaka mingi. Mara ya mwisho alipita njia ile wakati magari yalipokuwa yakisindikizwa na askari kwenye pori kwa hofu ya majambazi, na abiria walisali kwa sauti toka mwanzo wa msitu hadi mwisho. Sasa haisi ilikwenda na muziki, kondakta akitafuna muwa. Lakini ilipoingia porini baada ya makutano ya Benako, moyo wake ulianza kudunda vilevile. Miti ilisogea barabarani. Lori lilikuwa limeharibika upande mmoja, matawi yamewekwa nyuma yake kama alama. Eustakia alishika kikapu kwa mikono miwili. Akajiambia kwamba pori hili lina mwisho, unaitwa Nyakahura, na kwamba yeye anasonga mbele. Abiria aliyekaa naye alimwuliza anakwenda wapi.

"Kwa mtoto wangu," alisema.

Lusahunga ilikuwa imejaa malori. Yalijipanga pande zote mbili, na katikati watu walitembeza mayai, soda, mahindi ya kuchoma. Eustakia alishuka akasimama pale pale alipoachwa, vumbi likimzunguka, kwa sababu hakujua mgahawa uko upande gani. Tecla ndiye aliyemwona. Alikuwa ametoka nje na sahani za wali mikononi, moja kila mkono. Aliziweka juu ya meza ya dereva ambaye hakuwa ameagiza, akakimbia.

"Shikamoo, mama!" Alikuwa amepiga magoti kwenye changarawe. "Mama, kuna nini? Kuna msiba? Wiston?"

"Marahaba. Inuka. Wiston mzima, hakuna msiba."

"Sasa..."

"Nimekuja kuona mrango wa mwisho," alisema Eustakia. Herufi ya "l" ilimshinda alipokuwa na haraka.

Tecla alicheka, kisha uso wake ukabadilika, akatazama chini. Eustakia aliweka kikapu ardhini. Alikuwa ameyapanga maneno toka Murukulazo, na njiani yote yalikuwa yamemponyoka isipokuwa machache.

"Siku ile niliona aibu. Aibu yangu nikakupa wewe uibebe. Nimeshawaambia kwenye jumuiya, wote, na Véronique amesikia. Lakini wewe ndiye niliyekukosea, ndiyo maana nimekuja. Unisamehe, mwanangu."

Tecla hakuzoea kuombwa msamaha na mtu aliyemzidi umri. Alichukua kikapu, akaupitisha mkono wake wa pili chini ya mkono wa mama.

"Twende ndani, mama," alisema. "Hujala."

Mama yake Tecla, Rozalia, alikuwa amekaa nyuma ya mgahawa na mguu wake juu ya ndoo iliyogeuzwa, akichambua mchele. Alipomwona mkwewe alitaka kusimama, akakatazwa na wote wawili. Salamu zikachukua muda, na zawadi, na chakula. Wateja walipopungua, baada ya saa tisa, Tecla alitoa simu. Hakuwa ameifungua gemu ile tangu alipoondoka Ngara. Mlango wa chuma ulikuwa pale pale, umechunwa rangi pembeni.

"Mnataka kufanya nini?" Rozalia aliuliza.

"Kaa kimya, utaona," alisema Eustakia. "Ukiogopa, shika kiti."

Alimpa Tecla ishara. Mlango ukafunguka.

Ndani mlikuwa na chumba kidogo na kitanda. Kaka alikuwa amekaa sakafuni, hai, amekumbatia magoti. Aliambiwa twende, akatikisa kichwa. Alikuwa amekaa gizani muda mrefu hivi kwamba aliiogopa tochi. Hapo Tecla alitarajia zimwi jingine, kubwa kuliko Dalali, akakaza vidole. Halikuja. Kilichotakiwa ni kuizima tochi. Msichana alipoizima, kaka aliunyosha mkono, na wawili hao wakatembea gizani. Halafu moto ukalipuka nyuma yao, wale wasio na nyuso wakaanza kutoka kila upande, na ikawa ni kukimbia. Eustakia alikuwa amesimama. Rozalia, ambaye hakujua huyu ni nani wala yule ni nani, alikuwa amefunga macho na kupiga kelele, "Kushoto! Kushoto!"

Wakatokea nje. Palikuwa pamekucha, na mbele yao ni majani marefu yakipepea. Kaka na dada walitembea ndani ya yale majani mpaka wakawa wadogo, na majina ya watu waliotengeneza gemu yakaanza kupanda.

"Imekwisha?" Eustakia aliuliza.

"Imekwisha, mama."

"Fupi."

"Ni fupi."

Eustakia alikaa. Macho yake yalikuwa yamelowa, akayafuta bila kuficha. "Afadhali," alisema. "Ingekuwa ndefu wangeendelea kumtesa yule kijana. Wametupa ya kutosha, wametuachia." Akamgeukia Tecla. "Sasa tutazungumza nini?"

Tecla alimtazama mama mkwe wake, akaelewa kichwa kile kilichogonga, na yule mbuzi asiyepotea.

"Mama," alisema, "hujaniambia hata siku moja yule dada yake Wiston alikuwa anaitwa nani."

Nje lori lilipiga honi. Lilipopita, Eustakia akamwambia jina. Akamwambia alivyokuwa mnene, alivyopenda kula mchanga, alivyoitwa na baba yake, na homa iliyomchukua kwa siku chache wakati wa masika. Aliyasema mengine kwa Kihangaza pale Kiswahili kilipomwishia, na Tecla, ambaye Kisubi chake kilikuwa jirani ya kutosha, hakumkatiza. Rozalia alisahau mchele. Naye alikuwa mama wa watoto wawili waliozikwa Biharamulo, na zamu ya Eustakia ilipokwisha, alianza yake.

Eustakia alikuwa amepanga kulala Lusahunga mara moja tu. Lakini mguu wa Rozalia haukuwa umepona, na asubuhi, Tecla alipoamka, alimkuta mama mkwe wake jikoni amefunga khanga kiunoni, akimenya ndizi kwa kasi ambayo mgahawa ule haukuwahi kuiona. Madereva walimpenda. Aliwauliza kama wamewapigia simu mama zao, na asiyekuwa amepiga alicheleweshewa chai.

Juma lilikuwa linakaribia kwisha Wiston alipopiga simu akiwa Ngara. Alikuwa ametoka Kigali, alipita nyumbani akakuta mlango umefungwa na Véronique analisha kuku.

"Mama yuko wapi?" aliuliza, sauti juu. "Na wewe uko wapi? Kuna nini?"

"Tupo Lusahunga," Tecla alijibu. "Mama anakaanga maandazi."

"Mama yupi?"

"Wako."

Baada ya saa kadhaa lori lake liliegeshwa mbele ya mgahawa, naye akaruka chini kama mtu aliyeambiwa nyumba inaungua. Alikuta mke wake na mama yake kwenye benchi moja, vichwa vimegusana juu ya simu, wakisoma bei.

"Hii inasema ya kwenye meli," Tecla alikuwa anaeleza. "Meli imetelekezwa, ndani kuna kitu."

"Ndefu?"

"Wanasema fupi. Ya mchana mmoja, au miwili."

"Na bei?"

"Ndogo."

"Wiston," Eustakia alisema bila kunyanyua kichwa, "karibu, mwanangu. Utatulipia hii. Kaa upande huu, hapo unatuzibia mwanga."